Mdomo wa Malaika Mpya: Historia ya Mchoro Mmoja na Somo la Kutazama Kabla ya Kusema

Miaka kadhaa iliyopita, tulipokuwa tukihudumu usharikani kabla ya kuitwa kufundisha chuoni, mama mmoja alitujia ofisini akiwa na karatasi iliyochanwa kutoka kwenye daftari la shule. Binti yake, mwanafunzi wa darasa la saba, alikuwa amefariki baada ya kuugua kwa miezi mingi, na matanga yalikuwa yameanuliwa wiki mbili tu zilizopita. Kwenye karatasi ile hapakuwa na nyumba, wala mtu, wala ua. Palikuwa na mistari ya kalamu ya wino wa bluu: mingine imepinda, mingine imekatika, mingine imezunguka mahali pamoja mpaka karatasi ikatoboka. "Mchungaji," alisema, "hiki ndicho kitu cha mwisho alichochora. Naomba unisomee. Mwanangu alikuwa na huzuni au alikuwa na amani?"

Tulimjibu hapohapo. Tulimwambia kwamba mistari ile iliyopinda kuelekea juu ni njia, na kwamba mtoto alikuwa ameshaiona safari yake ya kwenda kwa Baba, kwa hiyo alikuwa na amani. Tukaomba naye. Mama akaikunja karatasi yake, akashukuru, akaondoka. Baada ya miezi michache, watu wakitoka ibadani, alitusogelea na kutuambia kwa upole neno ambalo hatujalisahau: "Mchungaji, siku ile ulinijibu kabla hujautazama."

Neno hilo ndilo lililotufanya tuandike insha hii. Mchoro usio na sura ya kitu tunachokijua, je, una hisia ndani yake? Na kama unazo, nani mwenye haki ya kuzitaja: aliyeuchora, au anayeutazama, au mchungaji aliyeombwa ausome? Swali hili si la wasanii peke yao. Sisi watu wa imani tunafasiri kila siku. Tunafasiri Neno, tunafasiri machozi ya wafiwa, tunafasiri ukimya wa mgonjwa. Tukikosea mahali hapo, hatukosei katika mtihani wa darasani, tunamkosea mtu. Ili tujifunze, tutafuata historia ya mchoro mmoja mdogo uliofasiriwa kuliko karibu michoro yote ya karne ya 20. Mwisho wa historia hiyo uko karibu nasi Walutheri kuliko tungeweza kudhani.

Mchoro wenyewe

Mchoro huo ulitengenezwa mwaka 1920 na Paul Klee, aliyekuwa akiishi Munich, Ujerumani. Klee alizaliwa mwaka 1879 karibu na Bern, Uswisi, akiwa mtoto wa mwalimu wa muziki, na yeye mwenyewe alikuwa mpiga fidla hodari. Vita Kuu ya Kwanza ilimchukulia marafiki zake wawili wachoraji: August Macke aliuawa vitani mwaka 1914, na Franz Marc aliuawa karibu na Verdun mwaka 1916. Mwaka huohuo wa 1916 Klee naye aliandikishwa jeshini, ingawa hakupelekwa mstari wa mbele. Kwa muda alipewa kazi ya kupaka rangi ndege za kijeshi. Vita vilipokwisha aliendelea kutetea sanaa ambayo haikujifunga kuiga vitu vinavyoonekana kwa macho.

Sanaa ya namna hiyo si ngeni kwetu kama tunavyofikiri. Msomaji aliyewahi kupita Mwenge, Dar es Salaam, na kusimama mbele ya kinyago cha Kimakonde cha aina ya mawingu anajua hali hiyo. Mpingo umepinda na kujikunja, umetobolewa hapa na kuachwa hapa. Hauoni mtu wala mnyama, lakini moyo unasema kuna kitu. Jirani yako anaona mama na mtoto, wewe unaona moshi, na fundi anawatazama tu.

Mchoro wa Klee uko kati ya hali mbili. Si mistari mitupu, wala si sura kamili. Ni karatasi yenye kimo cha sentimita 32 hivi na upana wa sentimita 24. Katikati kuna kiumbe aliyetukabili. Kichwa chake ni kikubwa kuliko mwili. Nywele zake zimeviringika kama karatasi zilizokunjwa. Macho ni makubwa na hayatutazami sawasawa, yanatazama pembeni. Mdomo uko wazi, na meno yameachana. Mikono, ambayo pia ni mabawa, imeinuliwa. Miguu ni myembamba kama ya ndege. Rangi ya nyuma ni ya kahawia na manjano, kama karatasi iliyokaa karibu na moto. Klee aliupa jina la Kilatini, Angelus Novus, yaani Malaika Mpya.

Namna alivyouchora ni muhimu pia. Wengi wetu tuliofanya kazi ofisini zamani tunaikumbuka karatasi ya kaboni. Klee alitumia njia inayofanana nayo. Alipaka karatasi rangi nyeusi ya mafuta, akailaza kifudifudi juu ya karatasi safi, kisha akaweka mchoro juu yake na kuifuata mistari kwa ncha kali. Mistari ilihamia chini, na pamoja nayo yakahamia madoa mahali ambapo mkono uliegemea. Baadaye aliongeza rangi za maji. Kwa hiyo baadhi ya madoa tunayoyaona si mawazo ya mchoraji. Ni uzito wa mkono wake tu. Tutakumbuka jambo hili mbele.

Mdomo uleule, maana mbalimbali

Mwaka 1921 mchoro huo ulinunuliwa Munich kwa marki 1,000 na kijana Myahudi aliyezaliwa Berlin mwaka 1892, Walter Benjamin, mwanafalsafa na mwandishi. Hakuwa tajiri, lakini aliupenda kuliko mali yake yoyote. Rafiki yake Gershom Scholem, ambaye baadaye alikuwa bingwa wa kuchunguza mafumbo ya dini ya Kiyahudi, alimwandikia shairi la siku ya kuzaliwa mwaka huohuo, akimfanya malaika mwenyewe kuwa msemaji.

Sasa tuangalie jinsi Benjamin alivyousoma mchoro wake katika miaka 20 iliyofuata. Mwaka 1922 alitaka kuanzisha jarida na kuliita jina la mchoro huo. Katika tangazo lake alikumbusha simulizi la Kiyahudi kwamba malaika wapya huumbwa kila wakati, makundi kwa makundi, ili waimbe sifa mbele za Mungu na kisha watoweke. Basi mdomo ule uliofunguka ulikuwa ukiimba. Jarida halikutoka hata toleo moja.

Mwaka 1931, katika makala kuhusu mwandishi wa Vienna aitwaye Karl Kraus, Benjamin alimrudia malaika huyo. Safari hii alimwona kama anayewaweka watu huru kwa kuwanyang'anya, badala ya kuwafurahisha kwa kuwapa. Wimbo ulikuwa umegeuka kuwa ukali. Mwaka 1933 Wanazi walishika madaraka, naye akakimbia Ujerumani. Akiwa uhamishoni aliandika tena juu ya malaika, na sasa akamfananisha na watu na vitu vyote ambavyo alilazimika kuachana navyo.

Kisha ukaja mwaka 1940. Benjamin alikuwa Paris. Vita vilipoanza alikuwa amefungwa kambini na Wafaransa kwa sababu tu alikuwa na asili ya Ujerumani, akaachiwa baada ya miezi michache akiwa na moyo dhaifu. Ndipo alipoandika kurasa chache kuhusu maana ya historia, na ndani yake akamweka malaika wa Klee. Alimwona amegeuza uso kuelekea wakati uliopita. Pale ambapo sisi tunaona matukio yakifuatana moja baada ya jingine, malaika anaona msiba mmoja tu unaorundika kifusi juu ya kifusi miguuni pake. Angependa kukaa, awaamshe wafu na kuunga kilichovunjika. Lakini kuna dhoruba inavuma kutoka Paradiso. Imenasa katika mabawa yake, hawezi kuyafunga, nayo inamsukuma kinyumenyume kuingia wakati ujao. Dhoruba hiyo, alisema Benjamin, ndiyo tunayoiita maendeleo.

Tangu maneno hayo yachapishwe, karibu kila anayeuona mchoro wa Klee anaona huzuni ya historia. Lakini tuutazame tena. Katika karatasi hakuna kifusi. Hakuna wafu. Hakuna dhoruba. Kuna kichwa kikubwa, macho ya pembeni, mdomo wazi, mikono iliyoinuliwa. Mdomo ulioimba mwaka 1922 ndio ulioomboleza mwaka 1940. Hakuna mstari uliobadilika. Aliyebadilika ni mtazamaji, kwa sababu ya mambo yaliyompata.

Je, tuseme basi kwamba Benjamin alijitungia tu? Hapana. Mdomo ule haungeweza kusomwa kama wa mtu aliyelala usingizi. Mabawa yale si ya mtu anayehesabu fedha. Mistari ina mipaka yake. Inakataa baadhi ya maana na kuruhusu nyingine. Ndani ya mipaka hiyo mtazamaji huingia na mzigo wake. Kwa hiyo hisia za mchoro haziko kwenye wino peke yake, wala haziko kichwani mwetu peke yetu. Ziko mahali ambapo historia ya mkono uliochora inakutana na historia ya macho yanayotazama.

Sisi wasemaji wa Kiswahili tunaweza kuongeza neno hapa. Watu wengi hushangaa kwamba malaika huyu anautazama wakati uliopita kana kwamba uko mbele yake. Lakini lugha yetu inalijua hilo. Ndugu zetu waliofariki hatusemi wameachwa nyuma, tunasema wametutangulia. Aliyetangulia yuko mbele. Kwa hiyo mtu anayewatazama wafu wake, kwa Kiswahili, anatazama mbele. Tulipouonyesha mchoro huu darasani, mwanafunzi mmoja kutoka Nyanda za Juu Kusini alisema malaika huyu hajageuka nyuma hata kidogo. Anawatazama waliotangulia, na kinachomwumiza ni kwamba anaondolewa asiwafikie. Hatukuwa tumewahi kulifikiria hivyo. Tukakumbuka tena kwamba mchoro mmoja hausomwi ukaisha.

Safari ya karatasi

Majeshi ya Ujerumani yalipoikaribia Paris mwezi Juni 1940, Benjamin aliutoa mchoro katika fremu yake na kuuweka pamoja na maandiko yake. Mwandishi Georges Bataille, aliyekuwa mtumishi wa Maktaba ya Taifa ya Ufaransa, aliyaficha maandiko hayo humo maktabani. Benjamin mwenyewe alikimbilia kusini. Mwezi Septemba alivuka milima ya Pyrenees kwa miguu pamoja na wakimbizi wengine mpaka mji mdogo wa Portbou, Hispania. Huko polisi waliwaambia hawataruhusiwa kupita na kwamba watarudishwa Ufaransa. Usiku ule, kwa kuogopa kuangukia mikononi mwa Wanazi, Benjamin alikunywa dawa nyingi aina ya mofini. Alifariki tarehe 26 Septemba 1940, akiwa na umri wa miaka 48. Wenzake waliruhusiwa kuendelea na safari. Klee naye alikuwa amefariki Uswisi miezi mitatu kabla, tarehe 29 Juni. Wanazi walikuwa wamemfukuza kazi ya kufundisha mwaka 1933, na mwaka 1937 walizionyesha kazi zake kwa dhihaka katika maonyesho waliyoyaita ya sanaa iliyopotoka.

Hatuna hukumu ya kutoa juu ya usiku wa Portbou. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Tunamwacha mikononi mwa Mungu wa Ibrahimu, ambaye anajua kuhesabu machozi.

Vita vilipokwisha, karatasi ilimfikia rafiki yake mwingine, Theodor Adorno, na hatimaye ikamfikia Scholem huko Yerusalemu, kama Benjamin alivyokuwa ameagiza. Tangu mwaka 1987 iko katika Jumba la Makumbusho la Israeli, Yerusalemu.

Aliyekuwa nyuma ya malaika

Hapa ndipo historia inapotugusa sisi. Mwaka 2015 msanii wa Marekani, R. H. Quaytman, aliyekuwa akiuchunguza mchoro huo kwa karibu, alitangaza alichokigundua. Karatasi ya malaika ilikuwa imebandikwa juu ya chapa ya karne ya 19, na pembezoni mwake, ukitazama kwa makini, ukingo mwembamba wa chapa hiyo ulikuwa ukionekana miaka yote. Chapa hiyo ni picha ya Martin Luther, iliyonakiliwa kutoka katika picha ya Lucas Cranach.

Kwa karibu miaka 95 wasomi waliandika vitabu na makala juu ya malaika yule. Benjamin aliishi naye, akamtazama asubuhi na jioni. Scholem alimwekea shairi. Nyuma yake wakati wote alikuwapo mtawa wa Wittenberg.

Mlutheri akisikia habari hii hushawishika kusema neno haraka. Wa kwanza atasema kwa furaha: unaona, hata malaika wa wanafalsafa amesimama juu ya Matengenezo ya Kanisa! Wa pili atasema kwa uchungu: unaona, Luther ndiye kifusi chenyewe. Wote wawili wanafanya kosa tulilolifanya sisi mbele ya yule mama. Chapa ile iko pale kama karatasi ya kubandikia, na mchoraji hakuacha maelezo juu yake. Tusimtie maneno mdomoni.

Lakini kutotia maneno si kukaa bila kutazama. Tukiisha kujua kwamba uso wa baba yetu wa imani uko nyuma ya malaika wa Myahudi aliyekufa akiwakimbia Wanazi, tunawajibika kuutazama uso huo wote, upande wa nuru na upande wa giza.

Upande wa nuru tunaujua. Cranach alikuwa rafiki wa Luther na jirani yake hapo Wittenberg. Machi 1522, Luther alirudi kutoka Wartburg akakuta watu wakizivunja sanamu na picha makanisani. Alihubiri siku nane mfululizo. Alifundisha kwamba picha hazikuamriwa wala hazikuharamishwa. Kwamba sanamu inayopaswa kubomolewa kwanza ni ile iliyo moyoni, na hiyo haibomolewi kwa shoka bali kwa Neno. Mwaka 1525 aliongeza kwamba mtu akisikia habari za Kristo msalabani, picha hujichora yenyewe moyoni mwake, atake asitake. Na mapema zaidi, huko Heidelberg mwaka 1518, alifundisha kwamba mwanatheolojia wa msalaba hukiita kila kitu kwa jina lake. Haiiti huzuni furaha ili kuwapendeza watu. Kama tungelikumbuka fundisho hilo ofisini siku ile, tusingalimjibu mama vile.

Upande wa giza nao lazima usemwe. Mwaka 1543, Luther akiwa mzee, aliandika dhidi ya Wayahudi maneno ya kutisha, akawashauri watawala wazichome moto sinagogi zao na kubomoa nyumba zao. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Novemba 1938, sinagogi ziliteketezwa kote Ujerumani. Tarehe 10 Novemba ni siku ya kuzaliwa kwa Luther, na Martin Sasse, askofu wa Kilutheri wa Thuringia, alichapisha kijitabu akiifurahia sadfa hiyo. Thuringia ndiko ilikosimama ngome ya Wartburg, Luther alikolitafsiri Agano Jipya. Thuringia pia ndiko uliko mji wa Weimar, ambako Klee alikuwa amefundisha. Huu ni mmoja wa marundo ya kifusi katika historia ya Kanisa letu, na hakuna anayeturuhusu kuligeuzia mgongo.

Namshukuru Mungu, wapo waliolitazama. Mwaka 1977 Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilifanya Mkutano Mkuu wake Dar es Salaam, na hapo Askofu Josiah Kibira wa Bukoba akachaguliwa kuwa rais, Mwafrika wa kwanza kushika wadhifa huo. Katika kipindi chake, mwaka 1983, yalifanyika mazungumzo kati ya Walutheri na Wayahudi huko Stockholm, na upande wa Walutheri ulikiri kwamba mashambulizi yale ya Luther hayakubaliki wala hayatetewi. Mkutano Mkuu wa Budapest wa mwaka 1984 ulilipokea tamko hilo. Kwa hiyo jambo hili halikushughulikiwa na Wazungu peke yao, mbali na sisi; lilipita mikononi mwa Fungamano lililoongozwa na mtoto wa Kagera.

Kazi ya mfasiri

Tunajifunza nini, basi, sisi tunaoombwa kila siku kusoma mambo yasiyosomeka?

Kwanza, tuseme kilichopo kabla ya kusema maana yake. Mdomo uko wazi: hilo lipo. Kama unaimba au unalia, hilo linafuata, na lifuate polepole. Ayubu alipopatwa na msiba, rafiki zake walikaa naye chini siku saba bila kusema neno. Hizo ndizo siku walizofanya vizuri. Walianza kukosea walipoanza kufasiri.

Pili, tukubali kwamba macho yetu yana historia. Benjamin aliona huzuni kwa sababu ilikuwa imempata. Mchungaji huona tumaini kwa sababu ndiyo kazi yake, na pengine kwa sababu anaogopa kukaa muda mrefu mbele ya maumivu. Tulipomwambia mama yule habari za njia ya mbinguni, hatukuwa tukiusoma mchoro. Tulikuwa tukijifariji wenyewe.

Tatu, tuchunguze kilicho nyuma. Karatasi ina pembe, na pembeni kuna ukingo wa karatasi nyingine. Aliyechora alikuwa na mkono, na mkono una uzito. Tuulize: ilichorwa lini, kwa nini, kwa kalamu gani, katika hali gani?

Na imani yetu inasema nini juu ya malaika asiyeweza kukaa awaamshe wafu? Tungeweza kufunga insha hii kwa kusema kwamba yuko Mmoja awezaye, naye aliingia kaburini, na siku ya tatu malaika wa Injili ya Luka waliwauliza wanawake kwa nini wanamtafuta aliye hai kati ya wafu. Sisi tunaliamini hilo kwa moyo wote, na tutalihubiri mpaka mwisho. Lakini si haki kumbatiza malaika wa Benjamin bila ridhaa yake. Na wale wanawake hawakufika kaburini asubuhi ile bila kupita Ijumaa na Jumamosi. Mtume Paulo, katika Warumi 8, anakubali kwamba upo wakati ambapo hatujui hata kuomba ipasavyo, na Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua ambako lugha haikufikii. Kama Roho wa Mungu hajizuii kuugua bila maneno, mchungaji ana haraka gani ya kuyatoa?

Tulirudi kwa yule mama. Tulimwomba radhi, tukamwomba pia, kama hataona vibaya, atuonyeshe karatasi tena. Aliitoa ndani ya Biblia yake. Tuliitazama kwa muda mrefu, naye akatuacha tuitazame. Kisha tukasema tulichokiona tu: hapa mstari umekatika, hapa kalamu imekandamizwa sana, hapa imezunguka mpaka ikatoboa. Tukamwuliza, "Mama, alikuwa amekaaje alipochora?"

Ndipo akatusimulia. Mtoto alikuwa kitandani hospitalini. Mkono wake wa kulia ulikuwa na dripu kwa wiki kadhaa na ulikuwa umevimba. Mtihani wa darasa la saba ni mwezi wa tisa, na wakati ule ulikuwa mwezi wa saba. Aliomba daftari, akashika kalamu kwa mkono wa kushoto. Alianza na duara, akairudia na kuirudia, halafu akajaribu mistari.

"Alikuwa anajifunza kuandika," mama alisema. Akanyamaza kidogo. "Kumbe sikuwahi kulisema hili kwa mtu."

Hatukuongeza neno. Haikuwa njia ya mbinguni, wala hakikuwa kilio. Alikuwa mtoto anayetaka kufanya mtihani. Tulikaa na mama yule mpaka jua likaelekea kuzama, karatasi ikiwa mezani katikati yetu, naye akaendelea kutusimulia habari za mwanawe.